Mgeni wa Birika Jekundu

Mombasa, 28 Aprili 2024

Mdogo wangu Fatimah,

Nakusalimu salamu ya Mungu, na nyuma ya salamu nakuombea subira. Huku sote tuko salama. Mwanangu Alamin hajambo, mkewe Faiza hajambo, watoto wao wameanza kufunga swaumu nzima mwaka huu na wakatangaza mtaa mzima. Masika yameingia, chumvi jikoni imegeuka maji. Mguu wangu ni ule ule, haupoi wala hauzidi. Idi imekukuta ndani ya eda, nami siku ile nilikukumbuka hata pilau ilinishinda.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu hatusemi kitu. Wewe una Aidarus pembeni, mimi nina Alamin pembeni, tunaulizana hali mpaka bando linakwisha. Ukinijibu, tumia sanduku la posta la ofisi ya Alamin. Ananiletea barua bila kuzifungua, nimemwapiza.

Sasa lililonikalisha chini. Aidarus amenipigia. Anasema ukitoka eda anataka muiuze hiyo nyumba ya Richfield, uhamie kwake Blaine. Nyumba yao ni mpya, amekutengea chumba chenye zulia na choo chake ndani. Anasema wewe huendeshi gari, theluji ya ughaibuni huiwezi, na Hussni hayupo tena wa kuiondoa, Mungu amrehemu. Mtoto amesema kwa adabu, nami nikamwambia nitazungumza nawe.

Fatimah, kubali. Mwanamke wa umri wetu hukaa na mwanawe. Huo si unyonge. Wewe tangu utotoni ukiambiwa kaa unasimama, lakini safari hii msikilize mtoto wako.

Dada yako,
Kuluthumu


Richfield, 27 Mei 2024

Dada yangu Kuluthumu,

Salamu zako nimezipokea zote, na mimi nakurudishia kwa wingi. Pole na mguu, paka mafuta ya habasoda na uache kupanda ngazi ovyo. Aidarus na mkewe Nasreen wazima. Wajukuu wanakua, nikiwasemesha Kiswahili wananielewa neno kwa neno, kisha wananijibu kwa Kiingereza bila haya. Reine, jirani yangu Mkongo, hajaniacha hata wiki moja tangu msiba. Akipika pondu, kisamvu cha kwao, bakuli langu hutoka kwanza.

Wiki iliyopita nimetoka eda. Nimeoga, nimevaa kanga ya rangi, nimejifukiza udi mpaka kile king'ora cha moshi cha darini kikapiga kelele. Sikukizima. Miezi yote ile bila hata tone la marashi, dada, pua yangu nayo ilikuwa imefiwa.

La Blaine, jibu langu ni hapana. Hapa Richfield nikitaka msikitini napanda basi, nikitaka samaki na tui la kopo nashuka vituo vichache mbele. Ndege zinapita juu ya paa kwenda uwanjani, vikombe vinagongana kabatini, nami nimezoea. Blaine bila gari hutoki mlangoni. Nitakaa kwenye zulia nikingoja mtu atoke kazini anipeleke dukani. Eda nimekaa moja, ya mume wangu, na nimeikaa kwa mapenzi. Ya pili siikai.

Na kuna jambo jingine, ukitaka cheka. Unalikumbuka lile birika la plastiki la udhu, jekundu, alilokuja nalo Hussni kutoka Mombasa? Huwa nalitundika nje kwenye msumari wa baraza ya mbele likauke. Wiki za mwisho za eda nilikuwa dirishani, nikaona kijidege kimekuja, hakizidi tende mbili. Mgongo wa kijani, koo jekundu linalowaka. Wenyeji wanamwita hummingbird. Mimi nimemwita mvumaji, kwa jinsi mbawa zake zinavyovuma. Hatui. Anasimama hewani. Akaliendea birika, akaingiza mdomo kwenye mrija wake, akatoa. Akazunguka, akaingiza tena. Birika lilikuwa kavu.

Kuluthumu, nilipata haya kana kwamba mtu amebisha hodi kwangu saa ya chakula nikamfungulia mlango nikiwa na sahani tupu. Ametoka mbali, Reine anasema wanavuka bahari, na kwangu akadanganywa na plastiki.

Aidarus alipoona nimelishika hilo jambo akanunua chupa ya kutia maji ya sukari. "Mama, hii tuta-hang hata Blaine," akaniambia. Nimeirudisha dukani. Mgeni wangu sitamnywesha chupa inayohamishika. Nimechimba bustani mbele ya nyumba, pale palipokuwa na majani. Nimetia asumini ya chungu, mawaridi, mrehani, na maua fulani meupe yanayonukia jioni mpaka unasahau unachofanya. Ataipata harufu tangu mwisho wa mtaa.

Mdogo wako,
Fatimah


Mombasa, 20 Juni 2024

Fatimah,

Natumai uko mzima, na Idi imekukuta na kanga mpya. Sisi tumesali, tumekula, watoto wa Alamin wameumwa tumbo kwa tamaa. Faiza anakusalimu. Mguu haujambo.

Nimekuandikia habari ya nyumba, umenijibu habari ya ndege. Nimesoma barua mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika "nitafikiri", sijapaona.

Lakini kwa kuwa umeshachimba, basi sikiliza. Nani alikwambia ndege anafuata harufu? Hiyo pua ni yako. Umetoka kwenye eda na kiu ya marashi, ukapanda bustani ya bibi harusi. Chozi wetu, ambaye naye hunyonya maua, sijapata kumuona kwenye asumini. Nikikumbuka uani Kibokoni, alikuwa habanduki kwenye mkomamanga, na kwenye ule mshubiri wa mama uliokuwa ndani ya sufuria lililotoboka. Maua mekundu yote mawili, membamba, na hayanuki chochote. Asumini ilikuwa pale pale kando, akiipita kama haipo.

Hayo nimekwambia kwa sababu sipendi mgeni alale njaa. Usidhani nimebadili shauri. Nenda kwa mwanao.

Kuluthumu


Richfield, 8 Julai 2024

Dada yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Alamin, kwa Faiza, na kwa hayo matumbo ya watoto. Hapa joto limekuja kwa hasira, Reine analalamika, mimi nafurahi.

Ulisema kweli. Mtaa mzima ulinukia. Nyuki walikuja, wapita njia walisimama wakavuta pumzi, yule mzee wa nyumba ya kona akaomba waridi la mkewe. Mvumaji alikuja akayapita yote, akaenda moja kwa moja kwenye birika kavu. Nikacheka peke yangu, mara ya kwanza tangu Januari.

Nimekwenda kwenye kitalu cha miche. Nilipita kila meza nikiinama, nanusa, kinachonukia narudisha. Kijana anayefanya kazi pale, Habimana, Mnyarwanda, alinifuata kwa macho mpaka akashindwa. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, mbona kila kizuri unakirudisha?" Nikamwambia natafuta lisilonuka. Nilipomweleza ni la nani, akaacha kumwagilia akanitembeza. Akanipa ua la kadinali, wekundu wake kama majoho ya wale wakubwa wa Kanisa, nalo linapenda miguu yake iwe majini. Hilo nimelipanda chini ya baraza, pale ninapomwaga maji baada ya kutia udhu. Akanipa mtambaazi wenye tarumbeta nyekundu, nimeufunga kwenye nguzo. Akanipa zeri ya nyuki, ua lake limetimka kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Hili majani yake ukiyasugua yananukia karibu na mrehani, nikaona Mungu hakuninyima mimi pia.

La nne ni kengele nyekundu na manjano inayoinamia chini. Habimana akasema hilo msimu wake umepita, linachanua Mei, wavumaji wanapofika na njaa ya safari, kabla ya maua mengine. Akanishauri nichukue jingine, la mwaka huu, likishakufa basi. Nikamwambia nataka hilo la Mei na nitakuwepo kuliona. Miche yote niliyochukua ni ile inayolala kwenye theluji na kuamka. Mwambie hivyo Aidarus akikupigia.

Ila nina swali. Mbona umeandika "nikikumbuka uani Kibokoni"? Uani uko chini ya dirisha lako. Fungua, chungulia, uniambie kama mkomamanga umechanua.

Fatimah


Richfield, 4 Agosti 2024

Dada Kuluthumu,

Salamu. Ni mzima wa mwili. Barua yako bado sijaipata.

Bustani imekatwa. Nimerudi kutoka kusali Ijumaa nikakuta mbele ya nyumba pamelazwa, pamesawazishwa, panapendeza kama zulia. Ua la kadinali lilikuwa limeshafunga vitumba. Asumini, mrehani, zeri, hakuna kilichosazwa. Mtambaazi umepona kwa kuwa umejishika na nguzo, mashine haikuufikia.

Aliyekata simtaji. Nina hasira na sitaki zipoe. Ameshaleta na mtu wa kuuza nyumba, anaitwa Lenny, anapima vyumba kwa kifaa cha mwanga mwekundu. Karatasi za nyumba hii zina jina la Hussni na langu, bila saini yangu haendi mtu popote, nao wanajua. Kwa hiyo wananisubiri nichoke.

Sijachoka. Maji ya udhu naendelea kuyamwaga pale pale, kwenye visiki.

Fatimah


Mombasa, 28 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na nakupa pole ya msiba wa pili. Barua zako mbili zimenifikia siku moja.

Huna haja ya kumtaja. Aidarus alinipigia jioni ya Ijumaa ile ile. Alianza kwa kusema ali-mow tu, kwamba Lenny kamwambia yard lazima ikae clean ndipo watu wanunue, kwamba aliona ni magugu. Mimi nikanyamaza. Nikinyamaza watoto wa nyumba hii husema kweli, unajua. Basi akalia, mwanamume mzima na ndevu zake. Akasema, "Mama mkubwa, kila nikiingia pale naona pale baba alipoanguka na lile sepetu. Nilimwambia aningoje niondoe theluji mimi, nilichelewa kazini. Siwezi kupaangalia."

Nimemkemea kwa maua, na nimembembeleza kwa baba yake, yote kwa simu moja. Nimekuandikia ili ujue. Sijui nikushauri nini tena. Mwezi wa nne nilikuwa najua.

Umeniuliza habari ya mkomamanga. Sijautazama.

Kuluthumu


Richfield, 29 Septemba 2024

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na afya. Nasreen amekuwa akija kila Jumapili na kitoweo, hasemi kitu juu ya nyumba, nami nampenda kwa hilo. Reine kapata kazi ya kupika katika nyumba ya wazee. Baridi imeanza kuchungulia.

Barua yako niliisoma nimesimama. Hilo la sepetu hakuniambia mimi. Miezi yote anasema insurance, anasema stairs, anasema winter, kumbe ndani mna hilo. Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa na hasira naye. Vyote viwili vilikaa pamoja bila kugombana.

Jumamosi iliyofuata Lenny alileta watu, mume na mke, "kuangalia tu". Sikufunga mlango. Alfajiri nilikanda mahamri, nikachemsha kahawa ya tangawizi, nikatandika mkeka barazani na vikombe vyetu vidogo. Walipofika nikawapokea, nikawaambia karibuni nyumbani kwangu, siuzi, lakini hampiti bila kukaa. Lenny akasema wana appointment nyingine. Nikampa hamri. Mtu akishakula chakula chako barazani hawezi kuinuka akaanza kupima kuta zako, Mzungu hali kadhalika. Walikaa mpaka birika la kahawa likaisha. Yule mke akauliza ule mtambaazi ni wa nani, nikamwambia ni wa mgeni wangu. Kumbe mtu wa bustani. Akachutama kwenye visiki, akafukua udongo kwa kidole, akaniambia mizizi yote ni mizima, hasa hii inayopata maji kila siku, nising'oe. Waliondoka wakiniombea heri. Lenny naye alifungiwa mahamri kwenye karatasi, na hajarudi.

Aidarus alikuwa amesimama kando ya gari muda wote, hakuja kukaa. Walipoondoka akaja mpaka ukingo wa njia ya gari, akasimama.

"Mama, hapa ndipo alipoanguka."

"Najua," nikamwambia. "Nilikuwa dirishani. Nilimfikia mimi, nikamshika kichwa mimi. Wewe unataka kukimbia mahali hapa na mimi nataka kukaa, na sote wawili ni kwa ajili yake. Lakini nyumba ni yangu."

Akaketi kwenye mkeka, nikammiminia kahawa iliyobaki, imepoa, akainywa. Kisha akasema baada ya winter tutaona. Nikamwambia yeye ndiye atakayeona, mimi nimeshaona.

Sasa sikiliza. Ua la kadinali limeota upya. Likatoa mashina mawili mahali pa moja, mafupi, lakini katikati ya mwezi huu yalichanua mekundu, ungesema ni ya makusudi. Na mvumaji akaja. Akaenda kwenye birika kwanza, kwa mazoea, kisha akashuka kwenye ua, akanywa. Akanywa tena. Nilisimama nyuma ya mlango wa wavu nimeziba mdomo kwa kanga. Kwa siku kadhaa alikuwa wangu, kisha akaenda zake kwenye joto. Aidarus anasema, hata ndege anajua kuhama, Mama. Nimemjibu kwamba anahama akiwa na mahali pa kurudi.

Wewe una jambo. Barua zako zimekuwa fupi na anwani yako ni "Mombasa" tu, wewe uliyekuwa ukiandika Kibokoni, mtaa, mpaka rangi ya mlango. Mkomamanga haujautazama kwa nini?

Fatimah


Mombasa, 20 Novemba 2024

Fatimah,

Salamu, na leo sizirefushi. Mimi siko Kibokoni. Niko Nyali, kwa Alamin, ghorofa ya nne, tangu mwezi wa pili. Wewe ulikuwa ndani ya eda, nikaona nisikuongezee. Baadaye nikaona haya.

Alamin hakunionea. Alisema ngazi za nyumba yetu zitaniua na huu mguu. Alisema vizuri, kama Aidarus wako, nami nikakubali kwa siku moja, nikabeba mafuko mawili. Hapa nina chumba chenye kipooza hewa. Lifti ikiharibika sishuki. Faiza ananipenda, haniruhusu kugusa sufuria, asubuhi mpaka jioni natazama televisheni isiyonihusu. Dirishani naona dirisha.

Nilipokuandikia ukubali Blaine, sikuwa nakutakia mabaya. Nilitaka tuwe wawili. Ungekubali na wewe, ningesema basi ndivyo mambo yalivyo, na ningetulia. Wewe ukajibu hapana ukachimba bustani. Nilikukasirikia sana, hata barua ya Julai niliirudisha kwenye bahasha kabla ya kuimaliza, nikaimaliza kesho yake. Kila ulipoandika siuzi, nililala vibaya.

Ufunguo wa Kibokoni ninao. Alamin anadhani uko kwake. Alio nao ni wa stoo.

Sijasema nitafanya nini. Nimesema tu ufunguo ninao.

Kuluthumu


Richfield, 18 Mei 2025

Dada yangu Kuluthumu,

Nakusalimu salamu ndefu kuliko zote nilizowahi kukupa, maana baridi nzima sikuandika. Nilikuandikia mara tatu nikachana. Nikikwambia rudi Kibokoni, mguu ni wako si wangu. Nikikwambia kaa, nitakuwa mwongo. Kwa hiyo nakuandikia habari tu.

Theluji ilianguka, na kila ilipoanguka Aidarus alikuja kutoka Blaine kabla ya kazi. Sikumwita. Mara ya kwanza aliondoa kila mahali akaacha pale, mraba mweupe mbele ya gereji, nami nikauacha. Mara ya pili akauondoa, polepole, kisha akabisha hodi akaomba chai. Baada ya hapo alikuwa akija anaondoa pote, anakunywa chai, tunazungumza habari za baba yake. Hatujawahi kuzungumza hivyo tangu azikwe. Habari ya kuuza haikutajwa tena. Jumamosi iliyopita amekuja na mashine ya majani, nami nikatoka mbio na ufagio mkononi. Akaizungushia bustani kwa mbali, akacheka, akaniambia, "Relax, Mama. Naona."

Zile kengele zimechanua. Habimana alisema kweli, Mei, kabla ya kitu kingine chochote. Zilitoka kwenye udongo uliokuwa mgumu kama sakafu, zikainamisha vichwa vyao, nyekundu na manjano. Nilikuwa barazani natia udhu wa adhuhuri, birika mkononi, maji yanatoka kwenye mrija. Nikasikia mbawa. Akaja mpaka mbele ya uso wangu, koo lake likawaka, akalitazama birika. Safari hii lilikuwa na maji, lakini akaliacha. Akashuka kwenye kengele, akanywa zote, moja baada ya nyingine. Udhu ukanipotea akilini, nikaanza upya.

Barua hii siipeleki kwa sanduku la Alamin. Anakuja nayo Njeri, anayesoma chuo huku na kwao ni Mombasa, anakwenda likizo. Nimemwelekeza Kibokoni, mlango wa kijani, agonge. Nimemwambia akikuta pamefungwa asiipeleke Nyali. Anirudishie mimi.

Mdogo wako asiyesikia,
Fatimah


Kibokoni, mlango wa kijani uliobabuka, 11 Juni 2025

Mdogo wangu Fatimah,

Salamu na Idi njema iliyopita. Msichana aligonga nikiwa juu. Kwa ajili ya mguu sikushuka. Nilifungua dirisha nikateremsha kikapu kwa kamba, kama alivyokuwa akifanya mama, naye akatia barua nikaivuta. Alishangaa sana. Nikateremsha kikapu tena na kaimati.

Tangu siku ile nimehamishia kitanda chini, chumba cha uani. Mkomamanga ulikauka upande mmoja, upande wa pili una maua, na chozi yupo humo tangu asubuhi, anagombana na mwenzake. Mshubiri wa mama ungali ndani ya sufuria lile lile. Sikio langu moja ni kwenye barua hii na jingine ni kwenye maziwa jikoni, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Alamin anakuja kila jioni akitoka kazini. Anakaa barazani, analalamika juu ya ngazi, anauliza nitarudi lini Nyali. Namwambia anywe kahawa yake.

Dada yako,
Kuluthumu